SHULE ILIYOZALIWA BARAZANI

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mapishi, ulezi wa watoto na matunzo ya nyumba. Juma hili mazungumzo yetu ni juu ya shule. Msistaajabu, kwani shule yenyewe ilizaliwa nyumbani, tena barazani, mikononi mwa mama mwenye nyumba; na mafundisho yake yalianzia katika vitu ambavyo ninyi mnavishika kila siku: kikapu, chungu, mkeka na kibuyu. Ni shule ya sanaa ya Makerere, mjini Kampala, ambayo tangu mwaka 1937 imewalea wachoraji na wachongaji wa Uganda, Kenya na Tanzania.

Sababu ya kuichagua habari hii ni moja. Wazazi wengi, mtoto akiwaambia kwamba angependa kusomea uchoraji, huona kana kwamba nyumba imeingiwa na msiba. Huuliza, "Tumekulipia karo miaka yote hii ili ukachore?" Udaktari wanaujua, uanasheria wanaujua, na ualimu wanauvumilia, lakini uchoraji wanauhesabu kuwa ni mchezo wa watoto, au kimbilio la mtu aliyeshindwa na masomo. Neno hilo ni zito, maana hukata mustakabali wa mtoto kabla haujaanza. Basi yafaa tulipime kwa haki, na historia ya shule hii ni mizani njema ya kulipimia.

MAMA MMOJA NA BARAZA LAKE

Margaret Trowell alizaliwa London mwaka 1904. Alisomea uchoraji katika shule ya Slade ya mji huo, kisha akajifunza ualimu wa sanaa kwa Marion Richardson, mwalimu aliyepata sifa kwa njia yake mpya ya kuwafundisha watoto kuchora. Mwaka 1929 alikuja Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell, wakaishi kwa muda Machakos, katika nchi ya Wakamba. Huko ndiko alikoanza kuzitazama kwa makini kazi za mikono za wenyeji: vikapu vilivyosukwa kwa kamba nyembamba, na vigoda vya mbao vilivyotiwa nakshi za waya. Aliona kwamba watu ambao Wazungu wengi waliwadhania kuwa hawana sanaa walikuwa wakiishi ndani ya sanaa, wakaikalia, wakala na kunywa ndani yake.

Mwaka 1935 mumewe alihamia Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1937, Bibi Trowell alianza kuwakusanya wanafunzi wachache katika baraza la nyumba yake. Hapakuwa na jengo la shule, wala cheti cha kumpa aliyemaliza. Palikuwa na karatasi, rangi, kivuli cha paa, na mtu aliyeamini kwamba kazi hiyo ina maana.

Njia aliyoitumia ndiyo aliyoirithi kwa mwalimu wake. Hakuwawekea wanafunzi picha ya kunakili. Aliwaeleza tukio kwa maneno: soko lilivyojaa watu, harusi inavyopita njiani, au kisa cha Biblia. Wao hutulia na kuitafuta picha hiyo akilini mpaka waione wazi, kisha hushika brashi. Kwa njia hiyo, soko lililotokea katika karatasi lilikuwa soko la kwao, na miti yake ilikuwa migomba.

Mwaka 1938 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa kilimani Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London kuonyeshwa katika Imperial Institute. Tangu karatasi za kwanza kuwekwa barazani mpaka maonyesho hayo ya Uingereza ilipita miaka miwili tu. Baadaye Makerere ikaipokea kazi hii ndani ya kuta zake, na sanaa ikawa somo la chuo.

Tena tukumbuke kwamba Makerere yenyewe haikuanza kwa vitabu peke yake. Ilifunguliwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake 14 wa kwanza walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kazi ya mikono inakishushia hadhi chuo kikuu, hajui msingi wa chuo hicho ulijengwa kwa nini.

NYUMBA YA VITU VYA WAZEE

Kazi ya pili ya Bibi Trowell haikusifiwa sana, lakini kwetu sisi wa kurasa za nyumbani huenda ndiyo yenye faida zaidi. Tangu mwaka 1908 palikuwa na mkusanyo wa vitu vya kale katika ngome ya Old Kampala, na wenyeji waliiita nyumba ile Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mahirizi na vitu vya nguvu za mizimu. Watu wengi waliiogopa. Katika miaka ya 1940 mama huyu alipewa jukumu la kuutunza mkusanyo huo, ambao ndio Jumba la Makumbusho la Uganda. Mwaka 1954 jumba hilo lilihamia katika jengo lake la sasa, katika kilima cha Kitante.

Mwaka 1953 yeye pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Humo mmeandikwa na kuchorwa jinsi nyumba zilivyojengwa, jinsi vyungu vilivyofinyangwa, jinsi vikapu na mikeka ilivyosukwa, na jinsi magome ya mti wa mutuba yalivyopondwa mpaka yakawa nguo. Haya ni maarifa ya bibi na babu zetu. Kwa miaka mingi yaliishi katika mikono na vinywa tu, na kila mzee aliyefariki aliondoka na fungu lake. Mgeni huyu alipoyaandika, aliyahesabu kuwa ni elimu. Yafaa tujiulize ni wangapi miongoni mwetu sisi wenyewe wanaoyahesabu hivyo hivyo.

WANAFUNZI WA KWANZA

Shule hujulikana kwa wanafunzi wake, kama mti unavyojulikana kwa matunda. Tuwatazame watatu tu, kila mmoja kutoka pahali pake.

Gregory Maloba alizaliwa mwaka 1922 magharibi mwa Kenya. Alifika Makerere akiwa kijana, na mwaka 1941 akachonga katika gogo la mvule sanamu aliyoiita kwa jina la Kifo. Baadaye alisoma Uingereza, akarudi, akawa mwalimu wa uchongaji. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, yeye ndiye aliyetengeneza sanamu ya ukumbusho iliyoko katikati ya mji wa Kampala. Ni sanamu ya zege ya mama aliyezungushiwa vitambaa mwilini kama aliyefungwa, naye ameinua mtoto juu kwa mikono miwili. Mama ni nchi iliyotoka katika minyororo, na mtoto ni taifa jipya. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku, na picha yake imechapishwa mara zisizohesabika. Wachache wanajua kwamba mkono ulioiumba ulifundishwa na shule iliyozaliwa barazani. Tena kwamba ukumbusho wa uhuru wa Waganda na Wanyoro, Waacholi na Wateso, uliumbwa na Mkenya. Udugu wa nchi zetu una ushahidi wa zege.

Wa pili ni Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Machame, chini ya mlima Kilimanjaro. Alisoma Makerere katika miaka ya 1940, akafundisha hapo, na katika miaka ya 1950 akaenda kusoma Slade, shule ile ile aliyosoma Bibi Trowell. Wengi wakienda huko hurudi na mkono mwingine. Yeye aliendelea kuchora migomba ya kwao, vijumba vya kwao, watu wanaofyeka, wanaovuna na wanaochukua pombe ya ndizi kwenda arusini. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo alitumwa London kuwa Balozi wa nchi yake. Mzazi anayeuliza uchoraji utamfikisha wapi mwanawe, basi na alisikie jibu hili.

Wa tatu ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932. Baada ya masomo yake ya Makerere alipewa kazi ya kupamba kanisa la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alichora picha tano kubwa ukutani, akazimaliza mwaka 1959: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Katika picha hizo Yesu ni Mwafrika, na vilima vinavyoonekana nyuma yake ni vilima vya nchi ile ile anayoijua kila aliyeketi kanisani. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha mjini Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa. Mwaka 1997 moto uliiteketeza pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, na wenyewe wakaanza tena kujenga.

Lakini msidhani kwamba mlango wa shule hii ulikuwa wazi kwa wenye vyeti tu. Alikuwapo Jak Katarikawe wa Kigezi, aliyekuwa dereva wa Profesa David Cook, mwalimu wa fasihi wa Makerere. Profesa huyo aliona michoro ya dereva wake, akaipeleka kwa Sam Ntiro, naye Ntiro akamwongoza. Dereva huyo akawa mchoraji mashuhuri; alihamia Nairobi, na alipofariki mwaka 2018 ng'ombe na tembo wake wa rangi angavu walikuwa wanajulikana hata Ulaya. Profesa alilotoa ni jambo dogo: aliitazama kazi ya mtumishi wake kwa jicho la heshima.

KUFUNGA DIRISHA AU KULIFUNGUA

Sasa tufike kwenye mabishano, maana shule isiyokuwa na mabishano imelala.

Bibi Trowell aliogopa jambo moja kuliko mengine yote. Aliogopa kwamba mwanafunzi wa Kiafrika akionyeshwa mno michoro ya Ulaya ataacha yake na kuiga ya wengine. Kwa hiyo hakuwa na haraka ya kumfungulia dirisha hilo. Aliwahimiza kutazama kwao: kijiji, ibada, kazi na simulizi. Nia yake ilikuwa njema, na matunda yake tumeyaona. Hata hivyo ulinzi huo ulikuwa na hukumu ndani yake. Ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si chake? Kijana aliyekuwa akisoma udaktari wa kisasa katika chuo hicho hicho, mbona aambiwe kwamba katika kuchora pekee ni lazima abaki kijijini? Ukimlinda mtu na ulimwengu, huenda humlindi, huenda unamzuilia.

Bibi Trowell alistaafu mwaka 1958, na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd, aliyekuja kutoka katika chuo kikuu cha Afrika Kusini. Huyu alishika njia nyingine. Alitaka mwanafunzi ajue historia ya sanaa ya dunia nzima, ajue kanuni za rangi, na ajue mifupa na misuli ya mwili wa binadamu kabla ya kuuchora. Alitaka shahada ya sanaa isimame sawa na shahada nyingine yoyote. Chini yake shule ilipanuka. Na katika mwisho wa miaka ya 1960 ilipata jumba lake la maonyesho, ambalo liko hapo kilimani mpaka leo. Walikuwapo waliolalamika kwamba sasa kijana anafundishwa Ulaya kwanza na kwao baadaye, na kwamba ile hekima ya barazani inatupwa. Malalamiko hayo nayo yalikuwa na uzito wake.

Nani basi alikuwa na haki? Tukiwatazama wanafunzi wenyewe tutaona kwamba hawakumtii kabisa mwalimu yeyote kati ya hao wawili. Ntiro alikwenda Slade na bado akachora Machame. Maloba alijifunza Uingereza mbinu za kisasa za uchongaji, kisha akamchonga mama wa Kiafrika anayeinua mtoto. Walichukua la nyumbani na la ugenini, wakayatia katika chungu kimoja. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Lakini anayecheza kwao vizuri zaidi ni yule aliyekwisha kuona ngoma za wengine, akajua ya kwake inapishana nazo wapi. Dirisha hufunguliwa na mlango hubaki na mwenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo alifundisha hapo Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935. Yeye alichora wanyama: mifupa yao, misuli yao, ngozi zao na mienendo yao. Kuanzia mwaka 1971 mpaka mwaka 1982 vitabu vyake saba juu ya wanyama wa Afrika ya Mashariki vilitolewa, na wataalamu wa sayansi duniani wakavitegemea. Hapa pana jibu jingine kwa wazazi. Kuchora ni njia ya kujua. Mtu hawezi kuchora mguu wa swala kwa usahihi bila kuuelewa, na anayeuelewa ameshaingia katika sayansi.

WANAWAKE WALIPOINGIA

Jambo moja katika habari hii ni la ajabu kidogo. Shule ilianzishwa na mwanamke, na sehemu kubwa ya kazi alizozisifu, vikapu na mikeka, zilikuwa kazi za wanawake. Lakini wanafunzi wake waliojulikana mwanzoni karibu wote walikuwa wanaume. Mwanamke aliyesuka mkeka aliitwa mama wa nyumbani. Mwanamume aliyeuchora mkeka huo aliitwa msanii.

Miongoni mwa waliobadilisha mambo ni Theresa Musoke, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea sanaa hapo katika miaka ya 1960. Katika Mary Stuart Hall, bweni la wanawake la Makerere, alichora picha kubwa ya ukutani aliyoiita Kuzaliwa. Mabinti waliokuja kusoma sheria, udaktari na ualimu wameishi na picha hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Baadaye aliishi Nairobi kwa muda wa karibu miaka ishirini, akichora na kufundisha, kisha akarudi nyumbani katika miaka ya 1990.

MIAKA YA DHIKI

Kwa nini aliondoka? Kwa sababu iliyowaondoa wengi. Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu za jeshi. Mwaka 1972 Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichukuliwa, wala hakuonekana tena. Walimu wa kigeni waliondoka, na walimu wenyeji wengi wakakimbilia nchi jirani au ng'ambo. Kefa Sempangi, aliyekuwa akifundisha historia ya sanaa na pia mchungaji wa kanisa, alikimbia nchi mwaka 1973. Rangi za mafuta, turubai na brashi zikawa adimu kama sukari na sabuni zilivyokuwa adimu majumbani.

Hapo ndipo shule ingeweza kufa, na asingelaumiwa mtu. Lakini haikufa. Waliobaki walifundisha kwa walivyokuwa navyo: mbao, vyuma vikuukuu, udongo na magome ya mutuba. Mwaka 1978 alijiunga nao Francis Nnaggenda, mchongaji aliyekuwa amesoma Ulaya na kufundisha Nairobi. Yeye alikuja wakati ambao wengine walikuwa wakiondoka. Katika miaka ya 1980, nchi ikiwa bado inavuja damu ya vita vilivyofuatana, alichonga sanamu aliyoiita Majeruhi wa Vita. Ni mwili wa mtu uliopotewa na viungo, lakini umesimama. Sanamu hiyo iliwekwa ndani ya maktaba kuu ya Makerere, pahali ambapo kila mwanafunzi, awe wa hesabu au wa kilimo, atapita mbele yake. Hotuba nyingi zilitolewa juu ya vita hivyo na zimesahauliwa. Gogo lile bado linasema.

SABUNI NA MAGOME YA MITI

Siku hizi shule hii inaitwa kwa jina la mwanzilishi wake, Margaret Trowell, nayo ni shule ya sanaa za viwandani na sanaa nzuri, ndani ya kitivo kikuu kinachounganisha uhandisi, ubunifu, sanaa na teknolojia. Wanafunzi wake hujifunza kuchora na kuchonga, na pia kufinyanga, kupamba vitambaa, na kubuni vitabu, matangazo na vifaa vya nyumbani. Tazama chumbani mwako, ndugu msomaji: kitenge ulichovaa, kikombe unachonywea, jalada la kitabu cha mtoto, hata karatasi iliyofungiwa majani ya chai, kila kimoja kilichorwa kwanza na mtu. Ikiwa hatukumsomesha mchoraji wetu, basi tumemlipa wa nchi nyingine.

Na ile hekima ya barazani imerudi kwa sura mpya. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya Waganda ya kutengeneza nguo za magome ya mutuba kuwa urithi mkubwa wa wanadamu wote. Na mwaka huo huo mwalimu wa Makerere, Venny Nakazibwe, alikamilisha utafiti wake wa daktari wa falsafa juu ya nguo hizo hizo. Nguo iliyokuwa ya wafalme na ya mazishi sasa inachunguzwa darasani, nao wasanii wanaichora, wanaishona na kuiunda upya.

Mfano mwingine unatuhusu sisi wa jikoni zaidi. Lilian Nabulime, mchongaji na mwalimu wa shule hii, aliona jinsi ugonjwa wa UKIMWI ulivyowafunga watu midomo. Mke hakuweza kumwuliza mumewe, mume hakutaka kusema, na ndani ya nyumba watu walikufa kimya. Katika utafiti wake, alioumaliza mwaka 2007, alitumia kitu ambacho hakikosekani nyumbani, sabuni. Aliifanya kuwa maumbo ya mwili wa mwanamume na mwanamke, na ndani yake akatia vitu vidogo vidogo vyenye maana. Watu walipoyashika maumbo hayo, walianza kuulizana yana maana gani. Na katika kuulizana, yale yaliyokuwa mwiko kutamkwa yakatamkwa. Hapa sanaa haikuning'inizwa ukutani kupendeza macho. Ilifanya kazi ambayo hata daktari peke yake hakuiweza.

LA KUFANYA NYUMBANI

Tumeona kwamba shule hii haikutokana na fedha nyingi. Ilitokana na mtu aliyetazama kazi ya mikono ya watu akaiita elimu. Tumeona kwamba iliendelea kwa sababu wanafunzi wake walikataa kuchaguliwa kati ya kwao na ulimwengu. Na tumeona kwamba ilipona katika miaka mibaya kwa sababu walikuwapo wasiokubali kwamba njaa na hofu ni udhuru wa kuacha kuumba. Basi, je, uchoraji ni mchezo? Mchezo hauishi miaka ya namna hiyo.

Hatusemi kwamba kila mtoto anayeshika kalamu ya rangi atakuwa Maloba. Wengi hawatakuwa, wala hakuna ubaya. Na mzazi anayeogopa kwamba mwanawe atakosa chakula hana kosa, kwani wasanii wengi wa nchi zetu wameishi kwa taabu, na sifa hailipi kodi ya nyumba. Lakini hofu hiyo na ituongoze kumtafutia mtoto mafunzo mazuri zaidi, isituongoze kumkataza. Mtoto asiyefundishwa sanaa vizuri ndiye anayeelekea kwenye njaa; aliyefundishwa ana njia nyingi za kuutumia mkono wake.

Akina mama na akina baba, mambo haya ni mepesi. Mpeni mtoto karatasi iliyotumika upande mmoja, na kipande cha mkaa au kalamu. Akichora, msimwulize kwanza, "Hii ni nini?" kwa sauti ya kebehi, mwambieni awasimulie picha yake. Bibi akiwa bado hai, mkalisheni mtoto karibu naye wakati anaposuka au kufinyanga, ajue ukili unaanzwaje na udongo unachaguliwaje. Na mkipata siku ya mapumziko mjini Kampala, wapelekeni watoto Kitante wakaone vitu vya wazee wao, kisha mpande nao kilima cha Makerere mpaka kwenye jumba la maonyesho. Wataona kwamba kikapu cha kwanza na sanamu ya mwisho ni ndugu.

Kila nyumba ina baraza lake. La Mulago lilitosha kuanzisha shule.